Tulia! Lakini atulie vipi?

Ndugu wasikilizaji, wiki iliyopita nilipata barua ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa mkono, jambo ambalo siku hizi limekuwa adimu kama senti tano. Aliyeiandika ni mama mmoja wa hapa hapa Dar es Salaam, upande wa Temeke. Ameanza kwa shikamoo, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaingia kwenye jambo lake.

Anasema ana mtoto wa kiume wa miaka mitano. Yeye mwenyewe ni fundi cherehani na hurudi nyumbani saa 1 usiku, mgongo unamuuma. Akifika tu, mtoto huomba simu atazame katuni. Humpa, maana naye anataka apate nafasi ya kupika. Chakula kikiiva na simu ikichukuliwa, hapo vita huanza. Mtoto hujitupa chini, hugaragara, hupiga mlango mateke, na siku nyingine humng'ata mama yake mkono. Nyumba wanayoishi ni ya kupanga, vyumba sita ua mmoja, kwa hiyo kila jirani anasikia, na kila jirani ana dawa yake. Dawa zote zinafanana: huyo hajachapwa.

Basi siku moja alimchapa. Alikuwa na mwiko mkononi, akautumia. Mtoto alinyamaza papo hapo, akabaki anamtazama mama yake bila kupepesa macho, mabega yakitetemeka. Alinyamaza, ameandika yule mama, lakini hakutulia. Aliyelia usiku ule ni yeye. Swali lake kwangu ni fupi: amfanyeje mtoto huyu atulie bila kumpiga, maana ameanza kuuogopa mkono wake mwenyewe.

Nimeamua kulizungumzia swali hilo leo, na si kwa sababu mimi ni bingwa wa malezi. La hasha. Ni kwa sababu ule ukimya anaousimulia ninaufahamu vizuri. Mimi nilikuwa na bakora nyuma ya mlango. Kifungua mimba wangu alikuwa mtoto wa hasira, na mimi nilikuwa baba wa amri. Nikisema tulia, nilitaka nione utulivu kabla neno halijamalizika. Asipotulia, nilinyoosha mkono nyuma ya mlango. Naam, alinyamaza. Nilijisifu barazani kwa wenzangu kwamba nyumbani kwangu mtoto hapigi kelele. Leo mwanangu ana miaka 41, ana mke na mtoto, ana kazi yake ya heshima. Lakini nikipandisha sauti kidogo tu, hata kwa ubishi wa mpira, hunyamaza na kutazama vidole vya miguu yake. Mtu mzima na ndevu zake! Miaka yote hiyo sikumfundisha kutulia. Nilimfundisha kuniogopa, na mambo hayo mawili kwa mbali yanafanana.

Hebu tujiulize, mtoto anapogaragara vile, ndani yake kuna nini? Moyo unakwenda mbio, pumzi imekuwa fupi, misuli imekaza, vidole vimejikunja. Mwili mzima umejiandaa kupigana au kukimbia. Sehemu ya ubongo inayomwezesha binadamu kujizuia, kungoja na kufikiri kabla ya kutenda iko mbele, nyuma ya paji la uso, na ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko karibu sehemu nyingine zote. Wataalamu wanasema haikomai sawasawa mpaka mtu apite miaka 20 na kitu. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano ana injini kubwa na breki changa. Kumfokea atulie wakati amekwisha kuwaka ni sawa na kumpigia kelele mtu anayezama kwamba aogelee. Maneno anayasikia, lakini kuogelea ndiko hasa asikokujua.

Sasa atajulia wapi? Wa kwanza kumfundisha ni mwili wa mtu mwingine. Mama zetu walilijua jambo hili bila kusoma kitabu. Mtoto mchanga akilia, hahutubiwi. Anafungwa mbeleko, anatikiswa kidogo kidogo, mama anatembea huku na huku akiimba kwa sauti ya chini. Anabembelezwa, na neno hilo lina ukoo na bembea. Mtoto anasikia pumzi za mama zikienda polepole, na zake zinafuata. Utulivu ule si wake, ameazimwa. Akiazimwa mara elfu, siku moja anakuwa na akiba yake mwenyewe.

Miaka ya 1970 mtaalamu mmoja wa Marekani, Edward Tronick, pamoja na wenzake, walifanya jaribio ambalo mimi lilinikaa moyoni. Walimwambia mama acheze na mtoto wake wa miezi michache kama kawaida, amchekee, amsemeshe. Kisha wakamwambia aukaushe uso, amtazame tu mtoto bila kucheka wala kusema, kwa dakika chache. Mtoto alitabasamu ili mama naye atabasamu. Akanyoosha mikono, akapiga kelele zake za kitoto. Alipoona uso haujibu, akageuka pembeni, akaanza kuhangaika. Hakuna aliyemfinya wala kumchapa. Uso wa mama umefungwa, basi. Nilipopata habari ya jaribio hilo nilifikiria nyuso zetu jioni, zinavyoinamia simu huku mtoto akivuta shati. Nami nimo, sijitoi.

Baada ya kubebwa, mwalimu wa pili ni mchezo. Na hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu kwetu mchezo ni kitu cha kupoteza muda, kitu kinachofanywa kazi zikiisha. Tunamwambia mtoto aache mchezo akae kwa adabu, kumbe kukaa kwa adabu anakokutafuta mzazi kumo ndani ya mchezo.

Chukueni kombolela. Mtoto ambaye mezani hakai dakika moja, mwache ajifiche nyuma ya pipa la maji huku mwenzake akimtafuta. Atakaa pale dakika tano, magoti kidevuni, anabana pumzi, anajiziba mdomo asicheke. Mbu wanamuuma hajikuni. Nani amempa nidhamu ile? Si bakora, ni hamu ya kutoonekana.

Alikuwapo mtaalamu wa Kirusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 kwa kifua kikuu akiwa bado kijana wa miaka 37. Mwaka mmoja kabla ya kufa alitoa mhadhara kuhusu mchezo wa watoto, na hoja yake mojawapo ilikuwa hii: mtoto hujizuia zaidi akiwa mchezoni kuliko wakati mwingine wowote. Moyo wake unataka akimbie sasa hivi, lakini sheria ya mchezo inasema angoje ishara. Naye anangoja kwa hiari, kwa sababu bila kungoja mchezo wenyewe haupo. Baadaye mtafiti mwingine wa huko huko, Manuilenko, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1948, aliwataka watoto wadogo wasimame wima bila kutikisika. Walipoamriwa tu, walichoka upesi. Walipoambiwa kwamba wao ni askari wa lindo katika mchezo, walisimama muda mrefu zaidi. Miguu ni ile ile, mtoto ni yule yule.

Nilikuwa nayajua mambo hayo kwa kuyasoma tu mpaka siku umeme ulipokatika nyumbani kwetu. Mjukuu wangu, yule mtoto wa mwanangu niliyemtaja, ana miaka minne na amerithi hasira za ukoo zote bila kubakiza. Televisheni ilipozimika alianza kulia na kupiga mto ngumi. Baba yake alikuwa bado njiani, kwenye foleni. Mkamwana wangu alikuwa anatafuta mshumaa. Mkono wangu, nasema kweli mbele yenu, ulitazama nyuma ya mlango, ingawa bakora haipo tena pale. Kisha, sijui kwa nini, nikasimama katikati ya ua nikaanza kuita: nyama, nyama, nyama!

Wasikilizaji wa rika langu wanaujua mchezo huo, na nadhani hata vijana. Kiongozi anataja mnyama. Akiwa ni wa kuliwa, wote mnaruka na kuitikia nyama. Akiwa si wa kuliwa, mnabaki kimya, miguu chini. Anayeruka kwa fisi ametoka. Kiongozi hodari huenda haraka haraka, ng'ombe, mbuzi, kuku, bata, mpaka miili inazoea kuruka, halafu ghafla anatupia paka. Hapo ndipo kazi ilipo. Mwili wote unataka kuruka, na lazima uukamate hewani. Basi kila paka anayetajwa ni somo moja la kufunga breki, na mtoto analisoma akicheka.

Mjukuu wangu alikuja kutoka ndani akiwa na kwikwi bado. Watoto wa majirani nao wakaja. Raundi ya kwanza aliruka kwa paka, akaruka kwa mbwa, akaruka kwa tembo. Akakasirika, akataka kujitupa chini. Nikamwambia, baba, huyu babu naye ameruka kwa nyani, twende wote tukae pembeni tuhesabu kumi kisha turudi. Tukahesabu. Tukarudi. Mpaka mama yake anasema chakula tayari, alikuwa ameweza kunyamaza kwa simba, kwa chui na kwa paka pia, midomo ameibana kama mtu aliyebeba maji mdomoni. (Kuhusu nguruwe kulitokea ubishi mkubwa, maana ua wetu una Waislamu na Wakristo. Niliamua asitajwe kabisa, mchezo uendelee.)

Sikilizeni, sisemi kwamba usiku mmoja wa nyama ulimbadilisha mtoto. Kesho yake alilia tena, kwa ajili ya kijiko cha rangi asiyoitaka. Lakini tumeufanya mchezo ule, na mingine, karibu kila jioni kwa miezi minne sasa. Vilio vimekuwa vifupi. Na juzi nilimwona amekunja ngumi mbele ya mwenzake aliyemnyang'anya gari la bati, akasimama, akapuliza hewa kwa nguvu kama anapuliza uji. Halafu akamshitaki kwangu. Kushitaki ni maendeleo makubwa, mnaocheka hamjawahi kung'atwa.

Hiyo ya kupuliza aliipata kwenye mchezo mwingine. Tulikuwa tunakata bua la jani la mpapai, ambalo lina tundu ndani kama mrija, tunachovya kwenye maji ya sabuni na kupuliza povu. Ukipuliza kwa pupa, povu linapasuka. Ukitoa pumzi taratibu, linakua kubwa na kuruka likimeta. Sasa mwili wetu umeumbwa hivi, kwamba tunapotoa pumzi ndefu na ya polepole, mapigo ya moyo nayo yanapungua mwendo. Mtoto huwezi kumweleza hayo. Mpe bua la mpapai, atajifunza kwa mapafu yake. Halafu siku amekasirika na mpapai hauko karibu, mnapuliza uji wa moto wa uongo na kweli kwenye kiganja. Hugharimu senti.

Upo pia mchezo wa akina baba, wa mieleka na kubebana farasi. Akina mama hawaupendi, wanasema unamchachamaza mtoto wakati wa kulala. Ni kweli unamchachamaza, ndiyo faida yake. Mtoto anapandishwa mpaka juu, anacheka hadi anakosa pumzi, kisha farasi anachoka, anatembea, anasimama, analala chini na kukoroma, na mpandaji analala juu ya mgongo wake. Amefundishwa njia ya kushuka. Kosa la sisi wanaume ni kumpandisha mtoto mpaka kwenye kilele, kisha simu inaita, tunamwacha huko huko na kuondoka. Halafu tunamgombeza kwa nini hatulii.

Wako watakaosema, sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Ndiyo, tumekuwa watu. Lakini nendeni kituo cha daladala saa 12 jioni mtazame watu wazima wawili, mmoja abiria na mmoja kondakta, wanavyokabana mashati kwa ajili ya chenji ya shilingi mia. Mishipa ya shingo imesimama, matusi yanamwagika mbele ya watoto wa shule. Mimi nikiwatazama naona watoto wawili wa miaka mitano wenye ndevu. Nao walichapwa pia.

Nisije nikaonekana nimejitungia mambo, nitawapeni habari ya Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, katika mitaa ya kimaskini ya jiji la Kingston, wataalamu wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliandikisha watoto 129 waliodumaa kwa lishe duni, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Kwa baadhi yao, mhudumu wa afya wa jamii alikuwa akifika nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja tu, kwa miaka miwili. Hakuleta mahubiri. Alimwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe, kumsemesha na kumsifu, kwa vitu vya kutengeneza wenyewe kutokana na makopo, chupa na vitambaa. Watoto wale walifuatiliwa hadi ukubwani. Walipofika miaka 22, wale waliochezewa walikuwa hawaingii sana katika mapigano na ukatili mkubwa kama wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo mengine, kwamba kipato chao kilikuwa kimewazidi wenzao hao kwa asilimia 25. Na walioanza kubadilika ni akina mama. Mhudumu aliondoka baada ya miaka miwili, mama akabaki.

Sasa nirudi kwako, binti yangu wa Temeke. Kwanza, pole. Kurudi saa 1 usiku na mgongo wa cherehani si jambo dogo, na majirani wanaokufundisha kulea hawakusaidii kuchota maji. Mtoto akiwa amekwisha kuwaka, usianze mchezo wala mahubiri. Ondoa vya kuumiza, kaa chini karibu naye, punguza sauti, ngoja. Ukiona mkono wako unapanda, muite jirani amtazame, toka uani unywe maji. Hiyo si aibu, ni wewe kujitafutia breki zako. Simu ukishaichukua usimrudishie kwa sababu ya kilio, la sivyo utakuwa umemfundisha kwamba kilio ndiyo bei yake.

Mchezo wenu uwe kabla ya hapo. Ukifika mlangoni, usitoe simu kwanza. Mpe dakika kumi, sufuria ingoje. Nyama, au kujificha nyuma ya pazia, au sanamu, mnacheza ngoma na muziki ukikatika kila mtu anaganda alivyo. Halafu umpe kazi ya jikoni iliyo mchezo, kuhesabu vitunguu, kuukagua mchele. Ikiwa simu atapewa, mwambie mapema itarudi lini, na kuirudisha kwenyewe kuwe ni mchezo, kwa mfano yeye ni dereva anayefika kituo cha mwisho na lazima azime gari. Wiki ya kwanza hutaona kitu. Pengine atazidi, maana anakupima. Na kama mtoto anajiumiza mwenyewe, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, au hakutazami kabisa hata mkiwa katika furaha, mpeleke kliniki aonwe na daktari. Hapo si suala la michezo peke yake.

Najua utaniuliza, na baba je? Barua yako haikumtaja, nami sitauliza. Nitakueleza tu ya kwangu.

Jumapili iliyopita mwanangu alichelewa kutoka safarini, akafika giza limeingia. Alitukuta uani tunacheza sanamu, mimi nimeganda na mguu mmoja juu, mjukuu ameganda na ulimi nje. Akaweka begi chini, naye akaingia mchezoni na viatu vyake. Raundi ya tatu mjukuu akanigeukia akasema, babu umetikisika, toka. Nikakataa. Nikasema ni upepo. Mtoto akashikilia, nami nikapandisha sauti, si kwa ukali, ni ubishi wa mchezo tu, lakini niliisikia mwenyewe ilivyopanda. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Kisha akainua uso, akacheka, akasema, "Baba, umetikisika. Toka."

Nikatoka.